Gesi ya Kiyoyozi Haiishi Yenyewe

"Mama, gesi imeisha." Wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam, Tanga na Unguja wameshaambiwa hivyo na fundi ambaye hajafungua hata kifuniko cha uniti ya nje. Anataja bei, unalipa, chumba kinapoa. Baada ya miezi michache joto linarudi, fundi anarudi, na maneno ni yale yale. Kabla hatujalinganisha bei yoyote nyingine tuanze na hii, maana ndiyo inayotafuna fedha za watu kimyakimya.

Gesi ya kiyoyozi haichomwi ikaisha kama ile ya mtungi wa jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyofungwa, inabeba joto la chumbani, inalitupa nje, kisha inarudi kubeba jingine. Kiyoyozi kilichofungwa vizuri kinaweza kuzeeka na gesi ile ile kiliyotoka nayo kiwandani. Ikipungua, imevuja, na mahali ilipovujia papo. Kwa hiyo ukiambiwa gesi imeisha, muulize: "Fundi, imetokea wapi?" Asiyekuwa na jibu anataka kukuuzia gesi tu, na tundu utabaki nalo.

Sasa tulinganishe. Tuseme, kwa mfano, fundi wa kwanza anataka Sh80,000 kuongeza gesi, na wa pili anataka Sh180,000 kutafuta uvujaji, kuuziba na kujaza upya. Wa kwanza anaonekana nafuu. Lakini ukimwita mara tatu kwa mwaka umeshatoa Sh240,000, tundu bado lipo, na kompresa imekuwa ikifanya kazi na gesi pungufu. Gesi inayorudi ndiyo pia inayoipoza kompresa, hivyo ikiwa pungufu kompresa inapata joto kupita kiasi na maisha yake yanafupika. Unafuu wa leo unaweza kuishia kwenye kununua kompresa.

Kazi ya fundi wa pili unaweza kuifuatilia kwa macho. Mara nyingi uvujaji huwa kwenye nati zinazounganisha mabomba ubavuni mwa uniti ya nje. Gesi hutembea pamoja na mafuta kidogo ya kompresa, kwa hiyo panapovuja mara nyingi pana unyevunyevu wa mafuta ulionasa vumbi jeusi. Hata wewe ukiinama na tochi unaweza kuuona. Fundi makini huingiza nitrojeni kwenye mabomba, hupaka povu la sabuni kwenye maungio na kutazama panapotoa mapovu. Akishaziba huunganisha pampu ya vakyumu na kuiacha ivute hewa na unyevu kwa nusu saa hivi au zaidi. Baada ya hapo huweka mtungi juu ya mizani na kujaza kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha uniti ya nje, ambacho kwa kiyoyozi cha BTU 12,000 mara nyingi hakizidi sana kilo moja. Anayejaza kwa kushika bomba na kusema "imeshapoa" anabahatisha. Pampu na mizani ndivyo vinavyoeleza tofauti ya bei zile mbili, na mimi ningelipa ile kubwa bila kusita.

Tena mara nyingi shida si gesi hata kidogo. Vumbi likijaa kwenye filta na koili ya ndani, hewa inashindwa kupita, chumba hakipoi, na barafu inaweza kujitengeneza kwenye koili. Gesi pungufu nayo huleta barafu, ndiyo maana fundi mwenye haraka hukimbilia mtungi. Kwanza safisha, halafu pima. Filta unaiosha mwenyewe kwa maji kila baada ya wiki mbili au tatu wakati wa matumizi makubwa. Kuosha koili zote mbili ndiyo sevisi, na ni kati ya huduma za bei ya chini kabisa. Maji yakidondoka ukutani, angalia kwanza bomba la kutolea maji: mara nyingi huwa limeziba kwa utando na uchafu, na dawa yake ni kulizibua.

Kapasita ina mkasa wake. Ni kikopo kidogo kinachoisaidia kompresa ya kawaida kuanza na kuendelea kuzunguka. Ikichoka, uniti ya nje inanguruma, haiwaki, halafu inajizima. Kuna wenye nyumba walioambiwa kompresa imekufa wakati kilichokufa ni hiki kikopo. Kwenye ubavu wake kimeandikwa kipimo, tuseme mikrofaradi 35, pamoja na asilimia kinayoruhusiwa kupishana, mara nyingi 5. Mwombe fundi akipime kwa mita mbele yako. Mita ikisoma 20, umeshaujua ugonjwa, na bei ya kapasita ni sehemu ndogo sana ya bei ya kompresa.

Jambo la kusoma kabla hujaita mtu ni aina ya gesi, ambayo imeandikwa kwenye kibandiko kile kile. Viyoyozi vya zamani vinatumia R22, inayoharibu tabaka la ozoni. Chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987, nchi zinazoendelea, zetu zikiwemo, zinatakiwa kuachana nayo ifikapo 2030, ikibaki kidogo tu kwa matengenezo. Kiyoyozi cha R22 kilichooza koili hakistahili tena fedha nyingi. R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili na msukumo wake ni mkubwa kuliko wa R22, hivyo huwezi kubadilishiwa moja kwa nyingine ndani ya mashine ile ile. R32, iliyo kwenye viyoyozi vingi vipya, inaweza kushika moto. Usikubali fundi awashe moto wa kulehemu bomba kabla hajaitoa gesi yote. Na akikuambia atakuwekea "gesi yoyote, zote zinapoza", mshukuru na umfungulie geti.

Gharama nzito ni kompresa na bodi ya elektroniki. Hapo mimi hutazama umri na bei ya kipya. Kiyoyozi cha miaka mitatu ambacho bodi imeungua kwa umeme kupanda na kushuka, kitengeneze, ila uweke na kifaa cha kukilinda na umeme mbaya, la sivyo bodi mpya itaifuata ya zamani. Cha miaka minane au kumi, ambacho matengenezo yake yanafika nusu ya bei ya kipya, kiache kipumzike, hasa karibu na bahari. Hewa ya chumvi ya Kigamboni, Kunduchi au Nungwi hula mapezi ya alumini ya uniti ya nje mpaka yanakuwa unga ukiyagusa. Kompresa mpya nyuma ya koili ya namna hiyo ni fedha iliyopotea. Na ukiletewa kompresa iliyochomolewa kwenye mashine nyingine, uliza yako ya kwanza ilikufa kwa nini. Ikiwa iliungua ndani, mabomba yana masizi na asidi, na yasiposafishwa itakufa na ya pili.

Kwenye hesabu hiyo ingiza umeme wa Luku. Chukua mfano wa kiyoyozi cha kawaida cha BTU 12,000 kinachokula uniti 6 za umeme kwa usiku wa saa nane, na cha inveta, yaani chenye kompresa inayobadilisha kasi, kinachokula 4. Kwa matumizi ya kawaida ya nyumbani, ambapo Sh1,000 hukupa karibu uniti 2.8, tofauti ni kama Sh700 kwa usiku, Sh21,000 kwa mwezi. Kwenye chumba unacholala mwaka mzima, hilo linaanza kulipa sehemu ya bei ya kipya. Kwenye chumba cha wageni kinachowashwa sikukuu mbili tatu, usihangaike: kitengeneze cha kawaida ulichonacho, kwa kuwa bodi ya inveta ikiharibika ni ghali na si kila fundi anaiweza.

Sevisi ifanye Septemba au Oktoba. Kaskazi ikishaingia na joto la Desemba likaanza kubana, mafundi wanagombaniwa na hutakuwa na muda wa kulinganisha bei mbili. Kabla kazi haijaanza, mwambie fundi akuandikie ufundi kiasi gani, spea kiasi gani, gesi gramu ngapi, na dhamana ya muda gani. Spea iliyotolewa abaki nayo mwenye nyumba mpaka malipo yaishe.

Ukiamua kununua kipya, usikiache cha zamani kiondoke bure. Gesi iliyobaki itolewe kwenye mtungi, isiachiwe hewani. Koili na mabomba yana shaba, na shaba inanunuliwa kwa bei nzuri na wanunuzi wa vyuma chakavu. Fundi akiomba akichukue, mpunguzane kwanza kwenye gharama ya kufunga kipya.