Lakabu Inapokalia Kiti cha Jina

Katika fani za balagha iko moja ambayo Wayunani wa kale waliiita antonomasia, nasi twaweza kuiweka katika mlango wa lakabu: mtu huachwa jina alilopewa na wazazi wake, akatajwa kwa cheo, kazi au sifa, na msikilizaji akafahamu pasipo kuuliza. Mzee wa Kiogoro, huko Nyaribari Chache, akisimulia kwamba wanawe walikunywa maziwa ya Nyayo shuleni, hana haja ya kumtaja Rais Daniel arap Moi.

Lakabu hiyo yastahili kutazamwa kwa makini. Alipofariki Jomo Kenyatta, tarehe 22 Agosti 1978, mrithi wake aliahidi kufuata nyayo zake. Nyayo, basi, zilikuwa za marehemu. Lakini kwa kukaririwa mikutanoni na redioni, neno likamhama mwenyewe, likamwandama mfuasi hata likawa jina lake, kisha likaingia katika maziwa waliyogawiwa watoto wa shule za msingi tangu 1979, na katika uwanja wa michezo wa Nairobi. Kwa rai yangu hapana mfano uliotimia zaidi katika Afrika Mashariki, maana Kenyatta alibaki kuwa Mzee tu, na Julius Nyerere, aliyeacha kusomesha mwaka 1955 kwa ajili ya siasa, akabaki Mwalimu hadi kufa kwake.

Fani hii yaenda kinyume pia, jina la mtu mmoja likawa sifa ya wengi: dhalimu huitwa Firauni, tajiri bahili Karuni, na mjanja Abunuwasi. Huyu wa mwisho namsikitikia, kwa kuwa Abu Nuwas wa Baghdad alikuwa mshairi hodari wa zama za Harun al-Rashid, na hekaya za pwani zimemwachia hila, zikamnyang'anya ushairi.

Miji nayo haikusalimika. Mji wa Kisii, ambao afisa Mwingereza G. A. S. Northcote alikuwa miongoni mwa watawala wake wa awali, Abagusii huuita pia Bosongo, jina linalonasibishwa na wazungu waliokaa hapo. Na mama wa Kiogoro apelekaye ndizi sokoni aweza kusema hata leo kwamba yuaenda Bosongo, ijapokuwa ofisi za wazungu hao zimekaliwa na Wakenya tangu uhuru wa 1963.