Rekodi za saratani zilizowekwa ukanda wetu

Uvimbe unaokua kwa kasi kuliko wote kwa binadamu haukuelezwa kwanza Paris wala Boston. Ni Kampala, mwaka 1958, na aliyeuandika ni Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago. Seli za limfoma ya Burkitt huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mtoto huanza kwa meno kulegea na fizi kufura. Wazazi wanadhani ni jino bovu tu. Wiki chache baadaye taya limefura upande mmoja na jicho linasukumwa nje.

Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili walipanda gari kuukuu la Ford, wakazunguka karibu kilomita 16,000 hadi kusini mwa Afrika, wakiulizia ugonjwa huu hospitali kwa hospitali. Waliukuta kwenye joto, mvua na malaria. Kwenye nyanda za juu zenye baridi ulikuwa nadra. Kindu yetu ya Maniema, kando ya mto Lualaba, ina vyote vitatu. Sidhani kama kuna ramani ya saratani iliyochorwa kwa gharama ndogo kuliko ile ya safari hiyo.

Mwaka 1964, ndani ya seli za uvimbe huo zilizotumwa London kutoka Uganda, Epstein, Achong na Barr waliona virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Miaka hiyohiyo watoto wa Kampala walianza kupona kwa dawa peke yake, bila mionzi. Kwangu mimi hiyo ndiyo rekodi kubwa kuliko zote, kwa sababu dawa hupanda pikipiki na mashine ya mionzi haipandi.

Rekodi mpya ni ya chanjo. Rwanda ilitangulia Afrika mwaka 2011 kuwachanja wasichana nchi nzima dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Kisha utafiti wa Kenya, wenye wanawake 2,275, ulionyesha mwaka 2022 kwamba dozi moja inakinga dhidi ya maambukizi ya virusi vya HPV 16 na 18, vinavyoleta saratani hiyo, kwa asilimia 97.5 katika miezi 18 ya kwanza. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likaikubali dozi moja. Na kipimo cha saratani hiyo cha bei ndogo kuliko vyote bado ni siki: hupakwa kwenye mlango wa kizazi, muuguzi anangoja dakika moja, penye hitilafu panageuka peupe.

Mzazi wa Maniema, taya la mwanao likifura na meno yakalegea, usikae ukingoja jino ling'oke. Mpeleke hospitali wiki hiyohiyo, uombe kipande cha uvimbe kipimwe.