Mgeni Mwenye Hema: Kupiga Kambi Msituni na Katika Ngitili

Leo tunaiacha kidogo pamba na mtama, tuzungumze juu ya mgeni. Si yule wa kulala nyumbani kwako. Ni yule anayekuja na hema, akiuliza: "Naweza kupiga kambi pale kwenye miti yenu?"

Tuseme uko Kimali, wilaya ya Meatu, mkoa wa Simiyu. Mgeni wa namna hii si ajabu, maana wilaya hii inapakana na pori la akiba la Maswa, na baadhi ya vijiji vyake vimo katika jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori ya Makao. Utamjibu nini? Mmoja atasema, "Lala tu, bwana." Mwingine atapokea shilingi elfu kumi na kuzitia mfukoni. Majibu yote mawili yana hasara, na sasa hivi utaona kwa nini.

Msitu ni wa nani?

Hilo ndilo swali la kwanza. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imetaja misitu ya hifadhi ya Taifa, ya serikali za mitaa, ya vijiji na ya watu binafsi. Kila msitu una mwenyewe, na mwenyewe ndiye mwenye haki ya kumkaribisha mgeni.

Misitu ya Taifa iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Chukua mfano wa msitu wa Amani, mkoani Tanga. Mgeni hulipa kiingilio na ada ya kambi kwa viwango vilivyotangazwa na Serikali, na raia hulipa kidogo kuliko mtu wa nchi za nje. Hupewa namba ya malipo, hulipa, hupata stakabadhi. Baada ya hapo hutembea na mwongozaji akitazama ndege, vipepeo na maporomoko ya maji. Mwanakijiji hawezi kusimama njiani na kutoza ada yake huko.

Pori la akiba nalo lina sheria yake. Kuingia bila kibali ni kosa, uwe na hema au uwe na ng'ombe. Basi usimwonyeshe mgeni njia ya mkato! Na katika eneo la Makao, mapatano hufanywa na jumuiya yenyewe, si mtu mmoja aliyekutana na mgeni barabarani.

Kinachobaki ndicho chetu wenyewe, yaani ngitili.

Ngitili ni ghala

Wazee wa Kisukuma walijua siku nyingi kutenga malisho. Mvua zikianza, ng'ombe wanatolewa. Kiangazi kikikaza, wanafunguliwa. Lakini miti mingi ilifyekwa kwa ajili ya kufukuza ndorobo na kupanua mashamba. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizokuwapo katika mkoa mzima wa Shinyanga zilikadiriwa kuwa kama hekta 600 tu. Wakati huo Meatu ilikuwa ndani ya mkoa huo. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Kufikia mwaka 2000 makadirio yalikuwa yamepita hekta 250,000. Kazi hiyo ilifanywa na wanavijiji wenyewe, kwa dagashida na sheria zao.

Sasa angalia hatari. Mgeni wa hema hupenda kuja kiangazi, barabara zinapopitika. Huo ndio wakati nyasi zimekauka na ng'ombe wako anazisubiri. Kaa moja likiachwa kwenye mafiga, upepo ukivuma, chakula cha mifugo cha miezi kadhaa kinateketea kwa usiku mmoja. Elfu kumi ile haitamfikisha hata ng'ombe mmoja kwenye mvua.

Je, tumfukuze mgeni? La. Tumpokee kwa utaratibu.

Utaratibu wenyewe

Kwanza, halmashauri ya kijiji iandike sheria ndogo ya kambi. Isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, watu waijadili, kisha ipelekwe halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Ada isiyo na sheria ndogo ni ugomvi wa kesho. Kabla ya kuanza, mwoneni Afisa Maliasili wa wilaya. Na mtu akitaka kujenga kambi ya biashara, hilo lina leseni yake.

Pili, chagueni mahali pamoja tu. Pawe pembeni mwa ngitili, mbali na lambo na mapito ya mifugo. Nyasi zifyekwe na ardhi ifagiliwe ibaki tupu.

Tatu, moto. Mgeni apikie kwenye jiko, si kwenye nyasi. Maji na mchanga viwe karibu. Asubuhi mlinzi aguse majivu kwa mkono. Yakiwa na joto, mgeni haondoki. Kuchoma majani kunataka kibali, hata kwa sisi wenyeji.

Nne, mgeni asikate mti, asifulie lamboni, asiache takataka. Mfuko wa plastiki tumboni mwa ng'ombe ni kifo. Na usiku asitembee peke yake, kwani fisi yupo.

Tano, fedha. Tuseme mmekubaliana shilingi 10,000 kwa hema moja kwa usiku. Hema nne kwa siku mbili ni shilingi 80,000. Zipokewe na mtendaji wa kijiji, kwa stakabadhi, na zisomwe kwenye mkutano mkuu pamoja na mapato mengine. Kwanza zimlipe mlinzi na kusafisha njia ya kuzuia moto. Zinazobaki mkutano uamue.

Ada si faida pekee. Mgeni hula ugali wa mtama, hunywa maziwa, hununua michembe. Atafurahi kutembea na mzee anayejua miti ya dawa, kutazama ndege alfajiri, au kuona vijana wakicheza Bugobogobo na majembe yao. Fedha hizo huenda moja kwa moja kwa mwenye kazi. Patana naye bei kabla, si baada.

Huenda unasema, "Ngitili yangu ni ya familia, nani atanipangia?" Sawa, ni yako. Lakini moto haujui mpaka. Mwarifu mtendaji, na fuata kanuni zile zile.

Basi ndugu, mgeni akija na hema, muulize maswali mawili kabla ya kumwonyesha kivuli: kibali chako kiko wapi, na moto wako utauzima na nini?