Ukitaka bahari sebuleni, anza na mabomba

Wapo watu wanaopenda kuiweka bahari sebuleni. Mtu anakwenda Ushongo, kusini ya mto Pangani, anatembea ufuoni wakati maji yametoka, anaona samaki wa rangi kwenye vidimbwi vya miambani, roho inamtamani. Akirudi mjini ananunua tangi la kioo, analijaza maji ya chumvi na kutia samaki. Haipiti wiki, samaki wanaelea matumbo juu. Hapo analaumiwa aliyemuuzia samaki, inalaumiwa chumvi, hata jicho la jirani linalaumiwa. Mabomba hayatajwi, kwa sababu hayakuwapo.

Ndugu msikilizaji, hebu tukitazame kile kidimbwi cha Ushongo. Samaki aliyebaki humo hafungwi muda mrefu. Baada ya saa sita hivi bahari inajaa tena, maji machafu yanaondoka, mapya yanaingia. Pale Mnarani, Nungwi, kule Unguja, kasa hutunzwa katika bwawa la asili la mwambani kwa utaratibu huo huo: bahari yenyewe huingia na kutoka. Katika tangi la kioo hakuna kujaa wala kupwa. Samaki anakula, anajisaidia na kupumua katika maji yale yale.

Uchafu huo huzaa amonia, nayo ni sumu. Bahari ina dawa yake. Katika mchanga na mawe wanaishi bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo bado ni sumu, na wengine wanaoigeuza naitraiti kuwa naitreti, yenye madhara madogo, inayopunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji mara kwa mara. Bakteria hao huhitaji mwezi mmoja au zaidi kuongezeka vya kutosha. Anayejaza maji leo na kutia samaki kesho anawatia katika nyumba isiyo na choo.

Sasa tuje kwenye ufundi. Matangi yawe mawili: la juu la kutazamwa, na la chini lililofichwa kabatini. Maji hufurika kutoka juu, hushuka kwa bomba, hupita kwenye sponji inayonasa takataka, kisha kwenye mawe yenye bakteria, halafu pampu huyarudisha juu. Wengi huongeza kifaa cha kutengeneza povu. Anayeujua ufuo wakati wa kusi ataelewa: maji yakipigwapigwa hutoa povu, na povu hubeba uchafu. Kifaa hicho hulikusanya povu katika kikombe, likamwagwe.

Bomba la kushuka liwe kubwa kuliko la kupanda. Kama pampu inapandisha kwa bomba la robo tatu, la kushuka lisipungue inchi moja, la sivyo siku takataka zikiliziba kidogo, zulia litalowa. Tumia mabomba ya plastiki. Shaba huua kamba na jamii ya matumbawe, na chuma huliwa na chumvi.

Halafu kuna umeme. Ukikatika, pampu husimama, na maji ya juu huanza kurudi chini kwa bomba lile lile la kupanda, kama petroli inavyotoka kwenye tangi la gari mtu akiinyonya kwa mpira. Tangi la chini likiwa limejaa pomoni, sebule ni bwawa. Toboa tundu dogo kwenye bomba hilo, chini kidogo ya uso wa maji ya tangi la juu. Maji yakishuka kidogo, tundu huvuta hewa na mkondo hukatika. Lisafishe tundu hilo lisizibe, na tangi la chini liachiwe nafasi. Umeme ukichelewa, teka maji kwa kata na kuyamimina tena yapate hewa, kwani samaki na bakteria wote wanapumua.

Maji yakipungua kwa joto, ongeza maji baridi yasiyo na klorini, usiongeze ya bahari. Kinachopaa ni maji, chumvi hubaki. Bahari ina takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, yaani gramu 700 katika ndoo ya lita 20. Ukiongeza ya bahari kila siku, utawakausha samaki wako kama ng'onda.

La mwisho ni wapi samaki wanatoka. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya pwani hiyo hiyo ya Pangani, kimehifadhiwa. Matumbawe na samaki wake si mali ya sebule ya mtu. Kwingineko nako, uliza kibali kabla ya kuuliza bei.

Anayeona pampu, mabomba na mwezi wa kusubiri ni gharama kubwa mno, bora alipe nauli akawatazame samaki Ushongo. Kule maji hubadilishwa bure, kutwa mara mbili.