Ulinganisho wa uchumi wa Kenya na Tanzania

Ulinganisho wa uchumi wa Kenya na Tanzania ni mada inayojadiliwa mara nyingi katika masomo ya uchumi na historia ya Afrika ya Mashariki. Nchi hizi ni jirani, zote zilikuwa chini ya Uingereza kabla ya uhuru, zilitumia fedha moja hadi mwaka 1966, na zilishirikiana reli, bandari, posta na shirika la ndege hadi mwaka 1977. Baada ya uhuru zilichagua siasa tofauti za uchumi: Kenya ilitegemea zaidi umiliki wa watu binafsi, na Tanzania ilifuata siasa ya Ujamaa na Kujitegemea. Kwa sababu hiyo watafiti wengi wamezitumia kama mfano wa kupima siasa ipi inaleta maendeleo.

Jibu si rahisi kama linavyoonekana. Kenya ina pato kubwa zaidi kwa kila mtu tangu wakati wa uhuru hadi leo. Hata hivyo kasi ya ukuaji imebadilishana zamu, na katika baadhi ya vipimo vya maisha Tanzania imekaribia au kutangulia. Matokeo ya ulinganisho hutegemea kipindi kinachochaguliwa na kipimo kinachotumika.

## Hali wakati wa uhuru

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 na Kenya tarehe 12 Desemba 1963. Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964 na kuwa Tanzania.

Nchi hizi hazikuanza safari zikiwa sawa. Kenya ilikuwa koloni la walowezi. Serikali ya kikoloni ilijenga barabara, reli na huduma nyingi kwa ajili ya mashamba yao katika nyanda za juu, na Nairobi ilikuwa makao ya viwanda na makampuni yaliyouza bidhaa Afrika ya Mashariki yote. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Ilikuwa na walowezi wachache, viwanda vichache, na ilitegemea mauzo ya mkonge, kahawa na pamba. Bei ya mkonge ilianza kuanguka katikati ya miaka ya 1960, jambo lililopunguza mapato ya taifa jipya.

Tofauti hii ya viwanda ilileta malalamiko mapema. Mwaka 1964 yalifikiwa Makubaliano ya Kampala, yaliyokusudia kugawa viwanda vipya kwa usawa zaidi kati ya Kenya, Uganda na Tanzania, lakini hayakutekelezwa kikamilifu.

Kwa upande mwingine, Kenya ilirithi tatizo zito la ardhi. Wakulima wengi hawakuwa na mashamba, ilhali ardhi nzuri ilikuwa mikononi mwa wachache.

## Njia mbili, 1965–1977

Mwaka 1965 serikali ya Jomo Kenyatta ilitoa Waraka wa Bunge Namba 10. Waraka huo ulizungumzia ujamaa wa Kiafrika, lakini kwa vitendo ulitetea mali binafsi, mitaji ya kigeni na ukuaji wa haraka kwanza. Sehemu ya mashamba ya walowezi ilinunuliwa na kugawiwa wakulima wadogo, na nyingine ikaingia mikononi mwa watu wenye uwezo na wanasiasa. Wakulima wadogo waliruhusiwa na kusaidiwa kulima chai na kahawa. Shirika la chai ya wakulima wadogo, KTDA, lilianzishwa mwaka 1964, na baadaye chai ikawa miongoni mwa mazao makuu yanayoingizia Kenya fedha za kigeni.

Tanzania ilitangaza Azimio la Arusha tarehe 5 Februari 1967. Njia kuu za uchumi ziliwekwa chini ya umma. Mabenki yalitaifishwa siku chache baadaye, na Benki ya Taifa ya Biashara ikaundwa. Viongozi walikatazwa kumiliki hisa katika makampuni na nyumba za kupangisha. Vijijini wananchi walihimizwa kuishi na kulima pamoja. Mwanzoni jambo hili lilikuwa la hiari, lakini kuanzia mwaka 1973 hadi 1976 mamilioni ya watu walihamishiwa vijijini, mara nyingi kwa nguvu. Uhamisho huo uliambatana na ukame wa miaka ya 1973 na 1974, na Tanzania ikalazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka nje.

Katika elimu nchi hizi zilipishana pia. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliweka lengo la elimu ya msingi kwa watoto wote wa Tanzania, na kisomo cha watu wazima kilipunguza sana idadi ya wasiojua kusoma. Lakini serikali ilidhibiti idadi ya shule za sekondari kulingana na mahitaji ya watumishi. Nchini Kenya wazazi walijenga mamia ya shule za sekondari kwa michango ya harambee. Matokeo yake, kufikia miaka ya 1980 Kenya ilikuwa na wanafunzi wengi zaidi wa sekondari, ilhali Tanzania ilisifiwa kwa elimu ya msingi na ya watu wazima.

Katika muongo wa kwanza wa uhuru uchumi wa Kenya ulikua kwa wastani wa zaidi ya asilimia 6 kwa mwaka. Uchumi wa Tanzania ulikua pia, lakini kwa kasi ndogo zaidi.

## Kuvunjika kwa Jumuiya na miaka ya dhiki, 1977–1985

Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1967 ilivunjika mwaka 1977. Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kila upande ulipata hasara. Viwanda vya Kenya vilipoteza soko la Tanzania na njia ya kupeleka bidhaa Zambia. Tanzania ilipoteza watalii waliozoea kuingia Serengeti kupitia Nairobi, na ililazimika kuanzisha upya huduma zilizokuwa za pamoja. Mkataba wa kugawana mali za Jumuiya ulitiwa saini mwaka 1984.

Tanzania iliingia katika miaka migumu zaidi. Vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin vya 1978–1979, kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1979 na kushuka kwa bei za mazao vilimaliza fedha za kigeni. Mambo ya ndani yaliongeza uzito. Mashirika ya umma yaliwalipa wakulima bei ndogo na kwa kuchelewa, vyama vya ushirika vilikuwa vimevunjwa mwaka 1976, na thamani rasmi ya shilingi ilikuwa juu mno kuliko thamani yake mitaani. Sabuni, sukari, unga na nguo viliadimika madukani na kuuzwa kwa magendo. Mwaka 1984 serikali ilianza kulegeza masharti kwa kuwaruhusu wenye fedha za kigeni kuagiza bidhaa bila kueleza walikozipata.

Kenya nayo ilipata misukosuko, ikiwa ni pamoja na jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 na ukame mkali wa mwaka 1984. Hata hivyo haikukumbwa na uhaba wa bidhaa wa kiwango kile. Katika kipindi hiki pengo kati ya nchi hizi lilionekana wazi zaidi machoni mwa wananchi wa kawaida.

## Mageuzi na kubadilishana zamu, 1986–2002

Baada ya Julius Nyerere kung'atuka mwaka 1985, serikali ya Ali Hassan Mwinyi ilifikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986. Shilingi ilishushwa thamani, udhibiti wa bei uliondolewa hatua kwa hatua, na Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lililegeza masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha. Mashirika mengi ya umma yalibinafsishwa katika miaka ya 1990. Bidhaa zilirudi madukani, lakini wananchi walianza kuchangia gharama za shule na matibabu, na uandikishaji wa watoto shuleni ukashuka.

Wakati huohuo Kenya ilidhoofika. Mwaka 1991 wafadhili walisimamisha sehemu kubwa ya misaada wakidai mageuzi ya siasa na uchumi. Katika kashfa ya Goldenberg, fedha nyingi za umma zililipwa kama motisha kwa mauzo ya nje ya dhahabu na almasi ambayo kwa sehemu kubwa hayakuwapo. Mwaka 1993 mfumuko wa bei ulipita asilimia 40. Kufikia mwaka 2000 uchumi wa Kenya ulikua kwa chini ya asilimia 1, yaani polepole kuliko idadi ya watu, ilhali wa Tanzania ulikuwa ukiongeza kasi.

Hapa ndipo ulinganisho unapobadilika. Anayeishia mwaka 1985 huona nchi moja ikipanda na nyingine ikianguka. Anayeanzia mwaka 1995 huona kinyume chake.

## Karne ya 21

Mwaka 2001 Tanzania ilipata msamaha mkubwa wa madeni chini ya mpango wa nchi maskini zenye madeni mengi. Migodi mikubwa ya dhahabu ilifunguliwa, ukiwemo wa Geita mwaka 2000, na dhahabu ikawa zao kuu la mauzo ya nje pamoja na mapato ya utalii. Kwa karibu miongo miwili uchumi ulikua kwa wastani wa takriban asilimia 6 kwa mwaka.

Kenya ilifufuka baada ya uchaguzi wa 2002, ikatikiswa na ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, kisha ikafufuka tena. Nguvu yake iko katika chai, maua na mboga, huduma za fedha, viwanda vya Nairobi na fedha zinazotumwa na Wakenya walio ng'ambo. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008.

Nchi zote mbili zimejenga reli mpya za SGR kwa gharama kubwa. Ya Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017, na safari za Dar es Salaam hadi Morogoro zilianza mwaka 2024. Mzigo wa madeni ni mkubwa zaidi Kenya ukilinganishwa na pato lake. Mwaka 2024 maandamano makubwa ya vijana dhidi ya kodi mpya yaliilazimisha serikali ya Kenya kuuondoa Muswada wa Fedha.

Benki ya Dunia iliiweka Kenya katika kundi la uchumi wa kati wa ngazi ya chini mwaka 2015, na Tanzania mwaka 2020. Kwa takwimu za benki hiyo, pato la Kenya mwaka 2023 lilikuwa takriban dola bilioni 108, sawa na karibu dola 1,950 kwa kila mtu. La Tanzania lilikuwa takriban dola bilioni 79, sawa na karibu dola 1,200 kwa kila mtu.

## Tahadhari katika kulinganisha

Thamani ya fedha. Mwaka 1966 shilingi ya Kenya na ya Tanzania zilianza zikiwa na thamani moja, takriban shilingi 7 na senti 14 kwa dola ya Marekani. Mwaka 2024 shilingi moja ya Kenya ilibadilishwa kwa takriban shilingi 20 za Tanzania. Hii haimaanishi kwamba Mkenya ni tajiri mara 20. Inaonyesha kwamba kwa miaka mingi, hasa kati ya 1980 na 1995, bei zilipanda kwa kasi zaidi Tanzania.

Pato kwa dola. Pato hupimwa kwa shilingi, kisha hubadilishwa kuwa dola. Mwaka 2023 uchumi wa Kenya ulikua kwa zaidi ya asilimia 5, lakini pato lake kwa dola lilipungua kwa sababu shilingi ilishuka thamani.

Mwaka wa kizio. Mwaka 2014 kila nchi ilibadilisha mwaka unaotumika kama msingi wa hesabu za taifa. Pato la Kenya liliongezeka kwa takriban robo, na la Tanzania kwa zaidi ya robo, bila mwananchi yeyote kupata shilingi ya ziada. Shughuli ambazo hazikuwa zikihesabiwa vizuri ndizo zilizoingizwa.

Eneo linalohesabiwa. Takwimu za pato la Tanzania katika majedwali ya kimataifa kwa kawaida ni za Tanzania Bara tu. Zanzibar huandaa hesabu zake.

Mstari wa umaskini. Utafiti wa 2017/18 ulionyesha kwamba asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa taifa. Kwa Kenya kiwango cha 2015/16 kilikuwa asilimia 36.1. Takwimu hizi haziwezi kuwekwa pamoja moja kwa moja, kwa kuwa kila nchi huchora mstari wake. Kwa kipimo kimoja cha kimataifa mpangilio hugeuka, na Tanzania huwa na maskini wengi zaidi.

Usawa na afya. Mapema katika miaka ya 1990 tofauti ya mapato kati ya matajiri na maskini ilikuwa kubwa zaidi Kenya. Katika tafiti za karibuni kipimo cha Gini kimekaribia 0.4 kwa nchi zote mbili. Umri wa kuishi ulikuwa mrefu zaidi Kenya katika miaka ya 1980. Makadirio ya sasa ya Umoja wa Mataifa yanaiweka Tanzania mbele kidogo.

## Tathmini

Historia ya nchi hizi mbili haithibitishi kwamba siasa moja ilitosha kuleta maendeleo. Udhibiti wa bei na wa fedha za kigeni uliiumiza Tanzania, kama vile ufisadi na migogoro ya uchaguzi ilivyoiumiza Kenya. Sehemu ya pengo la leo ilikuwapo kabla ya Azimio la Arusha na kabla ya Waraka Namba 10. Sehemu nyingine ilitokana na vita, ukame na bei za soko la dunia.

Tangu Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipofufuliwa kwa mkataba wa 1999, nchi hizi zimekuwa tena katika umoja wa forodha tangu 2005 na soko la pamoja tangu 2010. Migogoro ya biashara hutokea, kama ile ya mahindi na ya safari za ndege, lakini kila moja sasa ni mteja muhimu wa mwenzake.