Mashine ya gemu ya kununua Mbinga, kama wenzako wako mbali

Anayetafuta mashine ya gemu Mbinga huanza na swali la wenzake: kaka aliyeko chuoni Dodoma anachezea nini, shemeji wa Muscat ana ipi, na kwenye banda la gemu wana PS ya ngapi. Miaka michache iliyopita swali hilo lilikuwa la haki kabisa. Mwenye PlayStation hakuweza kukutana mtandaoni na mwenye Xbox, na aliyekaa kwenye kompyuta alikutana nao kwa gemu za kuhesabika. Siku hizi gemu nyingi kubwa zina krosiplei, yaani kila mtu anacheza na mashine yake na bado mnaingia uwanja mmoja. Ninachokiona kwetu ni kwamba watu bado wanalipia ukuta uliokwisha kubomolewa, na wanasahau gharama zilizopo: bando, akaunti na diski.

Sony, wenye PlayStation, ndiyo iliyokaza kamba kuliko wote. Septemba 2017 wachezaji wa Fortnite wa PS4 na wa Xbox One walijikuta pamoja kwa muda mfupi. Epic Games, wenye Fortnite, ikasema ni kosa la mipangilio na ikawatenganisha. Ilipofika tarehe 26 Septemba 2018 Sony ikafungua mlango kwa Fortnite, Rocket League ikafuata Januari 2019, na Minecraft ya PS4 Desemba mwaka huohuo. Nyaraka za kesi ya Epic na Apple, mwaka 2021, zilionyesha kwamba Sony iliweka utaratibu wa kuzitoza kampuni za gemu pale wachezaji wanapotumia sana PlayStation lakini fedha zao zikaenda kwingine. Kwa hiyo huu ni mlango wa kibiashara, na kila gemu ina masharti yake. Muuzaji akikwambia "hii inacheza na zote", muulize gemu gani.

Tuanze na mpira, maana ndiyo gemu inayouza mashine katika mkoa huu wa Ruvuma. FIFA 23, iliyotoka Septemba 2022, ilileta krosiplei, na EA Sports FC 24 ya mwaka uliofuata ikaongeza sehemu ya klabu. Lakini EA iliwapanga watu kwa vizazi. PS5, Xbox Series X na Series S, pamoja na kompyuta, ni kundi moja. PS4 na Xbox One ni kundi la pili. Nintendo Switch ilibaki peke yake. Maana yake ni hii: ukinunua PS4 Mbinga na shemeji ana PS5 Muscat, chapa ni ileile moja lakini FC ya PS4 na FC ya PS5 hazionani. Wakati huohuo jirani mwenye Xbox One, mashine ya kampuni pinzani, mnacheza naye bila shida. Njia ya kutokea ipo, kwa kuwa PS5 husoma gemu za PS4: shemeji akikubali kuweka toleo la PS4 kwenye mashine yake, mtakutana. Mpigie simu umuulize kabla hujatoa fedha. Kompyuta haina njia hiyo, kwa sababu FC yake iko upande wa kizazi kipya.

Gemu nyingine zina tabia tofauti. Fortnite na Rocket League huvuka mashine zote kubwa na vizazi vyote viwili, na zote ni za bure. Minecraft ya Bedrock huvuka mpaka kwenye simu. Ile ya Java ya kompyuta haimo. PUBG ya PS4 na Xbox ziliunganishwa Oktoba 2019, kompyuta ikaachwa nje. PUBG Mobile ni gemu nyingine kabisa, usidhani utamkuta humo mwenye PlayStation.

Sasa fedha. Nitatumia shilingi 2,500 kwa dola na shilingi 2,000 kwa gigabaiti moja, ili hesabu iende. Weka bei unayoipata wewe.

Gemu za kununua, kama FC, hazichezwi mtandaoni kwenye PlayStation bila usajili wa PS Plus. Kiwango cha chini, kwa bei ya Marekani ya mwishoni mwa 2023, kilikuwa dola 9.99 kwa mwezi au 79.99 kwa mwaka: kama shilingi 25,000, au 200,000. Xbox nayo hutaka malipo ya mwezi yanayofanana na hayo. Kompyuta haidai kitu. Gemu za bure hazihitaji malipo hayo popote. PlayStation haizidai, na Xbox iliacha kuzidai Aprili 2021. Hiyo laki mbili ipime vizuri. Ikiwa banda la mtaani kwako linatoza 500 kwa mechi, ni mechi 400, na unacheza na mtu aliyekaa ubavuni mwako. Kama wenzako wote wako Mbinga mjini, sioni sababu ya kulipia mtandao. Nunua pedi ya pili.

Kulipa kwenyewe kuna mtego. Unapofungua akaunti ya PlayStation unaulizwa nchi, na Tanzania haimo kwenye orodha. Watu huchagua Uingereza, Marekani au Afrika Kusini, kisha hununua kadi za msimbo. Kadi lazima iwe ya nchi ileile ya akaunti. Ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza, na msimbo ukishakwanguliwa hakuna duka litakaloupokea tena. Tena masharti ya Sony yanataka nchi unayoishi kweli, kwa hiyo akaunti hiyo huna kinga nayo likitokea jambo. Tuliona uzito wa suala hili Mei 2024. Helldivers 2, wakati huo gemu ya PS5 na kompyuta yenye krosiplei, ilitaka wachezaji wa kompyuta wawe na akaunti ya PlayStation, na mauzo yake kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, yakafungwa katika nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma hiyo. Sony iliondoa sharti la akaunti baada ya siku chache za malalamiko. Steam yenyewe ni rahisi zaidi kwetu: akaunti ya Tanzania inakubalika, bei ziko kwa dola, na unalipa kwa kadi ya Visa au Mastercard.

Gharama inayouma kuliko zote kwa mtu wa Mbinga, na zaidi kwa aliyeko Liuli, Lituhi au Mbamba Bay, ni kupakua. Kucheza kwenyewe hakuli bando sana. Mechi za mtandaoni hutumia makumi ya megabaiti kwa saa. Gemu ndiyo nzito. FC 24 ya kompyuta inataka nafasi ya GB 100. Upakuaji ukifika kiwango hicho, kwa bando la simu ni kama shilingi 200,000 kabla hujapiga pasi ya kwanza, na masasisho yanakuja baadaye. Ndiyo maana nasema wazi: Xbox Series S haitufai. Ilipotoka 2020 kwa dola 299 ilionekana nafuu kuliko wenzake, lakini haina mahali pa kuweka diski, na kila gemu lazima ipite kwenye bando lako. PS5 ya aina isiyo na diski ina kasoro hiyohiyo. PS4 yenye diski unanunua gemu Songea au unaagiza Kariakoo, inajipakia kutoka kwenye diski, na mtandao unabaki wa masasisho tu. Ukichoka na gemu, diski unaiuza au mnabadilishana. Gemu iliyopakuliwa huwezi kuiuza.

Kompyuta inavutia kwa sababu haina malipo ya mwezi na mwanafunzi anaitumia kwa masomo pia. Lakini laptopu nyingi za mtumba ni za ofisini. FC 24 hutaka walau kadi ya picha ya kiwango cha GTX 1050 Ti na RAM ya GB 8, na laptopu ya ofisini haina kadi hiyo. Itacheza Minecraft, na Fortnite kwa picha zilizopunguzwa. Ukiwa nayo tayari, anzia hapo usinunue chochote. Kuinunua kwa ajili ya mpira ni kutafuta hasara. Na gemu za kunakili zinazouzwa kwenye flashi haziingii kwenye seva za EA, hata ungekuwa na mtandao wa kasi namna gani.

Hilo ni kweli pia kwa PS4 zilizochezewa programu ili zisome gemu za kunakili. Zipo nyingi sokoni na zinasifiwa kwa sababu huja na gemu zimejaa. Kwa kazi ya banda zinafaa. Kwa krosiplei hazifai kabisa: zinabaki kwenye programu ya zamani ambayo mtandao wa PlayStation hauipokei, na Sony huweza kuifungia mashine yenyewe, hata ukibadili akaunti.

Umeme haunisumbui sana. Gridi ya taifa ilifika Songea 2018 kwa njia ya Makambako, na kwa unit ya shilingi 357 hivi, PS4 pamoja na televisheni hula kama shilingi 55 kwa saa. PS5 hukaribia 95.

Mtandao ndio unaosumbua. Mwanga kwenye faiba husafiri kama kilomita 200 kwa milisekunde moja. Tuseme seva iko London: kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 7,000 hata kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi ni walau milisekunde 70 ambazo hakuna kampuni inayoweza kuzipunguza. Ongeza safari ya kutoka Ruvuma hadi Dar, ongeza mnara wa simu. Mpira utacheza, ila pasi itachelewa kidogo. Mapambano ya risasi yatakuchosha. Hapa krosiplei inasaidia kwa namna ambayo haitajwi sana: ikiwashwa, gemu hutafuta mpinzani katika kundi kubwa zaidi, na uwezekano wa kumpata wa karibu, mwenye muunganisho mzuri, unaongezeka. Wanaoizima kwa kuogopa wadanganyifu wa kompyuta watasubiri mechi muda mrefu. Kwenye PS4 hakuna kompyuta katika kundi la FC, hivyo hofu hiyo haina msingi.

Ukitumia hotspoti, PS4 inaweza kuandika kuwa NAT yako ni aina ya 3, kwa sababu mitandao ya simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Baadhi ya gemu zitakataa kukuunganisha na rafiki. Laini nyingine huweza kutoa matokeo tofauti, basi jaribu zote ulizonazo, na ujaribu saa mbili usiku, wakati mnara umelemewa. Kule milima ya Matengo inaposhuka kwenda Ziwa Nyasa, nyumba mbili za jirani zinaweza kutofautiana kabisa kwa mawimbi.

Kwa anayenunua baada ya malipo ya kahawa, chaguo langu ni PS4 ya mtumba yenye diski na isiyochezewa programu, PS Plus ya mwezi mmoja mmoja wakati wa likizo badala ya mwaka mzima, na Rocket League au Fortnite miezi mingine. PS5 yenye diski nunua tu kama wenzako wa mbali wote wako kizazi hicho na hawataki kushuka. Ufukweni ambako 4G haitulii, Minecraft kwenye simu itakukutanisha na ndugu mwenye PlayStation kwa gharama ndogo. Yeye ndiye atakayelipia PS Plus, si wewe.

Na PS4 hiyo usiilipie kabla ya kuiwasha dukani. Iunganishe na hotspoti yako, ingia na akaunti yako mwenyewe, fungua kipimo cha mtandao kwenye mipangilio, kisha weka diski uone kama inasomwa. Ikikataa kuingia, au muuzaji akisema usiisasishe, iache hapohapo.