Ibada, Balaa na Amana: Kusudi la Maisha ya Mwanadamu katika Msamiati wa Kiislamu wa Kiswahili



Ukimwuliza Mwislamu yeyote wa pwani yetu mwanadamu ameumbiwa nini, jibu utakalolipata halina mzunguko: ameumbiwa ibada. Jibu hilo lina msingi thabiti, kwani Kurani, katika sura ya 51, aya ya 56, inaeleza kuwa majini na watu hawakuumbwa ila kwa ajili hiyo. Mimi si mwanazuoni wa dini, wala sikuja hapa kutoa fatwa. Nimekuja kuonyesha kuwa maneno ambayo kwayo Waswahili hulijibu swali hili yamesafiri, na safarini mengine yamepungua maana na mengine yameongezeka. Asiyeijua safari hiyo huweza kusoma tafsiri iliyo sahihi kabisa, akatoka na maana iliyopinda.

Tafsiri tunazo. Godfrey Dale, mmishonari wa Kianglikana aliyeishi Unguja, alichapisha yake mwaka 1923. Waahmadiya walitoa yao mwaka 1953. Sheikh Abdulla Saleh Farsy alikamilisha yake mwaka 1969. Na Sheikh Ali Muhsin Barwani akaongeza nyingine mwaka 1995. Wanne hawa hawakuafikiana katika mengi, lakini wote walilazimika kuchota katika kisima kimoja cha maneno.

Kitenzi cha kwanza, *umba*, hakikutoka Arabuni. Ni mali yetu ya Kibantu, na maana yake ya asili ni kufinyanga. Wazulu mpaka leo husema *bumba* kwa kazi ya udongo. Hapa Kiswahili kilibahatika. Kurani yenyewe, katika sura ya 55, inamsawiri mwanadamu kuwa ameumbwa kwa udongo mkavu mfano wa vyombo vya mfinyanzi, na kitenzi chetu kilikuwa na taswira hiyo tayari kabla ya aya kufika.

Kwa *ibada* mambo ni magumu zaidi. Katika Kiswahili cha leo ibada ni tukio lenye saa na mahali. Husemwa ibada itaanza saa tatu, ibada imekwisha. Wakristo nao wana ibada ya Jumapili na ibada ya mazishi. Hata vitabu vya fikihi vimechangia kulibana neno hili, kwa kutenga milango ya ibada na ile ya muamala, yaani biashara, mikataba na mengineyo. Mgawanyo huo una manufaa kwa kadhi. Lakini mwanafunzi akiuingiza katika aya niliyoitaja, atapata kwamba Mungu alimwumba mtu kwa ajili ya sehemu ndogo tu ya siku yake, na saa zilizobaki hazina kusudi! Wafasiri wa kale hawakuielewa hivyo. Imepokewa kutoka kwa Mujahid, mmoja wa wafasiri wa mwanzo, kuwa kuabudu katika aya hiyo ni kumjua Mungu. Naye Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, katika risala yake juu ya uja, alilipanua neno likakusanya kila kauli na kila tendo, la dhahiri na la siri, analoliridhia Mungu. Kwa maana hiyo kupima pishi ya mchele bila kupunja ni ibada, kama ilivyo rakaa.

Mzizi wa neno hilo ndio uliozaa *abd*, yaani mtumwa, tunalolisikia katika majina kama Abdalla na Abdulrahmani. Hapa mfasiri wa Kiswahili anatembea juu ya makaa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Hadhi ya utumwa kisheria ilifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Neno *mtumwa* lina kumbukumbu za watu, si za kamusi tu. Ndiyo maana lugha ya dini imelipendelea *mja*, neno ambalo kwa kawaida huhusishwa na kitenzi *ja*, na ambalo zamani nalo liliwahi kumtaja mtumwa kinyume cha mwungwana, lakini leo halimwumizi mtu. Hata hivyo napenda wanafunzi waone jambo moja la kimofolojia. *Mtumwa* na *mtume* ni ndugu: yote mawili yametokana na *tuma*, moja kwa kiambishi cha kutendwa, la pili kwa kiishio *-e* tunachokiona pia katika *mteule* na *kiumbe*. Na Mwislamu katika tahiyatu humtaja Mtume wake kwanza kuwa mja, ndipo kuwa mjumbe.

Safari iliyonishughulisha kuliko zote ni ya *balaa*. Sura ya 67, aya ya 2, inasema mauti na uhai vimeumbwa ili watu wajaribiwe, ijulikane nani mwenye vitendo vyema zaidi. Kitenzi cha Kiarabu hapo ni cha mzizi uleule uliotupa *balaa*. Sura ya 21, aya ya 35, inaeleza kuwa watu hujaribiwa kwa shari na kwa kheri pia, nayo inatumia *fitna*, ambalo kwetu limekuwa *fitina*. Katika Kiarabu cha Kurani, basi, mali na afya navyo huweza kuwa mtihani. Kiswahili kilibakiza upande mmoja tu: balaa ni maafa, fitina ni uchonganishi. Hakuna Mswahili atakayesema amepata balaa la kupandishwa cheo, isipokuwa kwa mzaha. Matokeo yake si madogo. Mgonjwa anayeambiwa kuwa ameteremshiwa balaa husikia kuwa ameadhibiwa, na tajiri hasikii kuwa ameulizwa swali. Wafasiri wamefanya vyema kukimbilia *jaribu* na *mtihani*. Kasoro ni mahubiri yanayoendelea kulitumia *balaa* kana kwamba wasikilizaji wanajua maana zake zote mbili.

*Khalifa* nitalipita upesi: sura ya 2, aya ya 30, inampa mwanadamu cheo hicho duniani, lakini sikio la Kiswahili husikia mtawala au kiongozi wa tarika, si mkulima na mkewe.

*Amana* halikupoteza kitu. Sura ya 33, aya ya 72, inasimulia amana iliyokataliwa na mbingu, ardhi na milima, akaibeba mwanadamu; na Mswahili aliyewahi kuwekeshwa fedha za jirani aliye safarini anaelewa uzito huo bila maelezo. Ukoo wa neno hili ni mkubwa: amini, imani, amani, muumini, mwaminifu. Lakini katika *imani* Kiswahili kimefanya jambo la pekee. Kumwonea mtu imani ni kumhurumia, na mkatili huambiwa hana imani hata kama hakosi sala tano msikitini. Wako wanaoziona maana hizi mbili kuwa zimeachana kiasi cha kustahili vidahizo viwili katika kamusi. Mimi, ningeulizwa, ningeziacha chini ya kidahizo kimoja.